Stima, makaa na gesi: pesa zako za nishati zinaenda wapi, na jiji linaweza kupunguza nini?

Fungua simu yako sasa hivi. Ingia kwa taarifa ya akaunti, chagua siku 30 zilizopita, halafu utafute malipo yote ya tokeni za stima. Jumlisha. Sasa rudi juu tena, utafute yale malipo madogo madogo uliyomtumia mtu wa makaa, wa mafuta taa na wa gesi. Shilingi 60 hapa, 100 pale, 50 jioni ile mvua iliponyesha. Jumlisha hayo pia, kando.

Kama unapikia makaa au mafuta taa, usishangae hesabu ya pili ikiipita ya kwanza. Tokeni tunazilalamikia kwa sababu zinakuja na meseji. Makaa hayatumi meseji. Yanachukua pesa kimya kimya, mkebe kwa mkebe.

Somo la leo ni hilo: nishati ya nyumbani mjini. Tunaambiwa kila mara kwamba miji ipunguze matumizi ya nishati na ile hewa ya kaboni inayoongeza joto duniani, halafu ushauri unaofuata ni wa nyumba za Ulaya. Ziba nyufa za madirisha. Punguza hita. Wacha tuwe wakweli, Nairobi hita ni za wachache. Julai ikifika tunavaa sweta na kunywa chai, na Mombasa shida ni feni, si baridi. Kwa hivyo tuanze na nyumba zetu vile zilivyo: chumba kimoja au viwili, mita ya tokeni, mtungi wa kilo 6, na jiko la makaa chini ya meza likingojea siku ya maharagwe.

Stima yetu si chafu kama unavyodhani

Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya miaka hii ya karibuni hautokani na kuchoma mafuta. Sehemu kubwa zaidi, inayopita asilimia 40, ni mvuke wa ardhini kutoka Olkaria karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Kuna mabwawa ya Mto Tana. Kuna upepo wa Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310. Kuna sola ya Garissa. Mafuta yanachomwa bado, tutayafikia, lakini si ndiyo yanayobeba mzigo.

Maana yake ni kwamba taa ikiwaka Umoja au Kawangware, moshi unaotoka kwa ajili yake ni kidogo sana.

Makaa ni hadithi nyingine kabisa. Kilo moja ya makaa yaliyochomwa kwa tanuri la udongo la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Zile kuni nyingine zote zimepotea kama moshi huko msituni, kabla gunia halijapanda lori kuja mjini. Halafu kile kilichobaki unakichoma ndani ya nyumba yako. Makaa yakishika vizuri hayatoi moshi wa kuonekana, ndiyo maana watu huyaamini, lakini yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani na hawakuamka. Jiko likae nje, au mlango na dirisha viwe wazi, na usilale nalo hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Sasa angalia tunachofanya. Kwa sensa ya 2019, karibu nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zinawasha taa kwa stima ya gridi. Zilizotaja stima kama njia yao kuu ya kupikia hazikufika asilimia 1. Tumeleta mvuke wa Olkaria hadi kwa soketi ya ukutani, halafu tunachaji simu nayo na kwenda kununua mkebe wa makaa. Na wengi hufanya hivyo wakiamini wanaokoa tokeni.

Hapo ndipo pesa za nyumba na hewa ya jiji vinakutana. Mjini, mahali pa kupunguza kwanza ni jikoni, na pa pili ni bafuni. Balbu inafuata mbali sana.

(Balbu tuimalize haraka. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kwa siku hula yuniti 9 kwa mwezi. Ya LED ya wati 9 hula yuniti 1.35 kwa mwanga uleule. Kama bado uko na ile ya zamani, badilisha leo. Wengi wenu mlishabadilisha.)

Kununua kidogo kidogo: makaa yanakutoza, stima haikutozi

Wateja wetu wengi wananunua vitu kwa kipimo kidogo. Si uvivu wala kukosa mpango. Mtu akilipwa kwa siku atanunua kwa siku. Lakini vitu havitendi haki sawa kwa mnunuzi wa kadogo.

Makaa ya gunia na makaa ya mkebe ni bidhaa ileile, ila ukigawanya bei kwa kilo utaona mkebe ni ghali zaidi. Mwenye kibanda amelipia usafiri, nafasi na vumbi linalobaki chini ya gunia, na lazima apate chake. Mafuta taa ya kupima vivyo hivyo. Tangu 2018 mafuta taa yamebebeshwa pia ushuru wa shilingi 18 kwa lita, uliowekwa ili watu wasiyachanganye na dizeli. Lengo lilikuwa kuwabana wenye kuchakachua mafuta. Aliyelipa ni mama mwenye stovu.

Stima haiko hivyo. Ile ada ya kudumu ya kila mwezi iliondolewa kwa watumiaji wa nyumbani mwaka 2018. Ukinunua tokeni za 50 au za 1,000, bei ya yuniti ni moja, mradi uko kundi lilelile la matumizi (tutaeleza makundi hapo chini). Kinachobadilika ni ada ya muamala tu, kama ipo, kwa hivyo ukiweza kuunganisha manunuzi matatu ya wiki yawe moja, fanya hivyo. Stima ni kati ya bidhaa chache mjini ambazo mtu wa shilingi 50 hauziwi ghali kuliko tajiri. Hiyo ni nafasi ambayo hatuitumii.

Neno la tahadhari kabla hatujaendelea. Tokeni ni tarakimu 20 zilizotengenezwa kwa nambari ya mita moja tu, haziingii kwa mita nyingine. Mtu akikuambia ana tokeni za bei nafuu alizobaki nazo anakuuzia, huyo ni mwizi. Na hakuna muuzaji wa tokeni anayehitaji PIN yako.

Gesi iko katikati. Kilo moja ya gesi ina nguvu nyingi kuliko kilo moja ya makaa, na meko haipotezi joto kama jiko. Ukiweka hayo mawili pamoja, kilo moja ya gesi hufanya kazi ya kilo mbili na nusu hivi za makaa kwenye jiko zuri la udongo. Kwa hivyo mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 15 za makaa, au zaidi kama jiko lako ni lile la chuma tupu. Fanya jaribio hili: chukua mkebe wako wa makaa umuombe mwenye duka akupimie kwa mizani. Tafuta bei ya kilo moja. Zidisha kwa 15. Jibu likizidi bei ya kujaza mtungi wa kilo 6 mtaani kwako, unalipa zaidi kwa kubaki na makaa.

Mfano tu: mkebe wa shilingi 100 ukiwa na kilo moja, mara 15 ni 1,500. Linganisha na bei ya mtungi pale dukani, siyo na bei unayoikumbuka. Bei ya gesi hupanda na kushuka, na serikali nayo ina mkono wake: VAT ya asilimia 16 ilirudishwa kwa gesi Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa 2023. Nyumba iliyotoka kwa makaa ikarudi kwa makaa miaka ile haikuwa na tabia mbaya. Ilipiga hesabu.

Kama makaa ndiyo unayoweza kwa sasa, basi jiko lenyewe lina maana. Lile jiko la kiuno chembamba lenye udongo ndani lilitengenezwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likichukuliwa kutoka kwa majiko ya Thailand na kurekebishwa na mafundi wetu wa jua kali. Hupunguza makaa kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na la chuma tupu. Udongo ukipasuka vipande vipande, unarudi kwa jiko la chuma bila kujua, kwa hivyo mpelekee fundi.

Maharagwe na mwinuko wa Nairobi

Hiki ni kitu ambacho shuleni tulifunzwa tukakisahau. Nairobi iko juu ya bahari kwa karibu mita 1,700. Kwa mwinuko huo maji hayachemki kwa nyuzi 100, yanachemka kwa kama 94. Ukiongeza moto, yanachemka kwa fujo zaidi, lakini joto halipandi. Ndiyo sababu githeri ya Nairobi huchukua muda kuliko ya Mombasa, na ndiyo sababu moto mkubwa chini ya sufuria ya maharagwe ni pesa zinazopaa na mvuke. Yakishaanza kuchemka, punguza moto, funika. Loweka usiku kucha kwanza. Hayo hayahitaji mkopo wowote.

Sufuria ya presha inavunja huo mpaka. Inafungia mvuke ndani, joto linapita nyuzi 110, na maharagwe yaliyolowekwa yanaiva kwa chini ya saa moja. Ile ya umeme ina faida nyingine: ina mfuniko mzuri, imefunikwa pande zote kama chupa ya chai, na ikifikia joto inajizima na kujiwasha yenyewe. Kwa hivyo hata kama imeandikwa wati 1,000, haili yuniti nzima kwa saa. Sufuria moja ya maharagwe au githeri hula kama nusu yuniti.

Nusu yuniti ni pesa ngapi? Angalia meseji yako ya mwisho ya tokeni. Chukua pesa zote ulizolipa, kodi zikiwemo, ugawanye kwa yuniti ulizopata. Tuseme ulilipa 500 ukapata yuniti 19.2. Kila yuniti imekugharimu kama shilingi 26. Nusu yake ni 13. Sasa niambie maharagwe yako ya Jumapili yanakula makaa ya pesa ngapi.

Ugali, chapati na mayai ni mambo mengine. Hivyo vinahitaji sufuria wazi au kikaango, na hapo gesi bado ni mfalme. Sijui kwa nini watangazaji wa majiko ya umeme huchora picha kana kwamba nyumba itahama siku moja. Nyumba nyingi zitaendelea kuwa na vyombo viwili, na hakuna ubaya. Ukitoa vyakula vya kuchemka muda mrefu kwenye makaa, umeondoa sehemu kubwa ya makaa.

Kenya Power wamekuwa wakiendesha kampeni yao ya Pika na Power kwa miaka kadhaa kuonyesha haya, na serikali imejiwekea lengo la kila nyumba kuwa na njia safi ya kupikia ifikapo 2028. Malengo ni mazuri. Lakini kuna shimo njiani, na mteja wetu anapaswa kulijua kabla hajanunua chochote.

Makundi matatu ya yuniti

Tangu Aprili 2023, watumiaji wa nyumbani wako kwa makundi matatu: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi, wa zaidi ya 30 hadi 100, na wa zaidi ya 100. Bei inapanda kila ukivuka. Kundi lako linaangaliwa kwa wastani wa miezi mitatu, kwa hivyo ile imani kwamba ukinunua tokeni nyingi tarehe moja unapata yuniti za bonasi haina msingi.

Shimo ndilo hili. Ukivuka yuniti 30, bei mpya inashika yuniti zako zote, si zile za ziada tu. Tuseme leo unatumia 25: taa, simu, televisheni, redio. Ukianza kupika maharagwe, mchele na nyama kwa sufuria ya presha kila siku, unaongeza labda 15 hadi 25. Umehama kundi. Hata hivyo kwa wengi hesabu bado inatoka upande wako, kwa sababu makaa uliyoacha yalikuwa ghali zaidi ya hiyo tofauti. Piga hesabu mwenyewe kwa bei zako. Ila kwa mtazamo wangu, huu mpangilio unamwadhibu mtu anayefanya kile ambacho serikali inamwomba afanye. Viwanda vilipewa punguzo la umeme wa usiku mwishoni mwa 2017. Mpishi wa nyumbani naye angepewa lake.

Bafuni

Shawa ya umeme ya papo hapo ni kati ya wati 4,000 na 5,500. Chukua ya 5,000. Dakika 10 ni yuniti 0.83. Watu wawili, kila asubuhi, dakika 10 kila mmoja, kwa mwezi ni yuniti 50. Watu wanne ni 100. Kifaa kimoja, na tayari umefika mlango wa kundi la bei ya juu kabisa.

Hapa kupunguza ni rahisi kuliko jikoni. Shawa nyingi zina swichi ya joto la chini, tumia hiyo isipokuwa Julai. Toka dakika 10 uende 5, umekata nusu. Au chemsha lita 5 kwa birika la umeme, kila lita ikila kama sehemu ya kumi ya yuniti, uchanganye na maji baridi kwenye beseni: nusu yuniti, na unaoga vizuri. Ile koili ya kutumbukiza ndani ya ndoo usiiguse wala usiguse maji kabla hujazima soketi na kuichomoa. Imeua watu.

Lakini suluhisho la kweli la maji moto liko kwenye paa, na paa si lako. Mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni za kutaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yaweke mitambo ya sola ya kupasha maji. Ghorofa nzima ya wapangaji inapita lita 100 bila jasho. Sasa tembea kwenye mtaa wako wa maghorofa, uinue macho, uhesabu matangi ya sola. Kanuni iliandikwa, na mwenye nyumba akaona kuwa shawa ya umeme ni ya bei nafuu kwake, kwa sababu tokeni ni za mpangaji. Jiji likitaka kupunguza nishati ya nyumbani, hili ni la kaunti kukagua wakati wa kupitisha ramani, si la kumhubiria mtu aliye kwa gorofa ya nne afupishe kuoga.

Saa moja jioni

Zile asilimia 10 za umeme zinazobaki, zinazochomwa mafuta na zinazobebwa kwingine, huhitajika sana jioni. Kuanzia saa moja hadi saa tatu au nne usiku kila mtu yuko nyumbani: taa, televisheni, pasi, shawa, birika. Mvuke na maji havitoshi, basi mitambo ya mafuta kama ile ya Kipevu, Mombasa, inaamshwa. Gharama yake unailipa. Angalia meseji ya tokeni, kuna mstari wa gharama ya mafuta. Huo mstari hupanda na kushuka mwezi kwa mwezi, na tunaulipa wote, hata yule aliyewasha balbu moja.

Usiku wa manane ni kinyume. Nchi imelala, umeme hautakiwi, na kule Olkaria kuna nyakati mvuke huachiliwa hewani kwa sababu hakuna wa kuutumia.

Kwa hivyo pasi za wiki nzima zipige Jumamosi mchana. Maharagwe yapike saa nne usiku ukienda kulala au asubuhi, si saa moja jioni. Bei yako ya yuniti haitashuka kwa hilo, kwa nyumba za kawaida bei ni ileile saa zote, na hii ni sababu watu hawana haja ya kubadilika. Lakini wapangaji wa ploti yenye waya dhaifu wanajua faida yake ya papo hapo: stima haikatiki kwa sababu nyumba sita zimewasha shawa pamoja.

Kulipia polepole

Nyumba nyingi zinakwama kwa ile pesa ya kwanza kabla hazijafika kwa bei ya kila siku. Mtungi mpya na meko, sufuria ya presha, friji yenye nyota nyingi (kibandiko cha nyota za matumizi ya umeme kimewekewa kanuni tangu 2016, na friji ya mtumba haina kibandiko). Yote yanataka maelfu siku moja.

Njia ya kulipia kidogo kidogo kwa simu ilizoeleka kwa sola za vijijini miaka ya 2010, na sasa iko kwa gesi ya mjini: mtungi unaletwa ukiwa na mita yake, unalipia gesi ya shilingi 50, ikiisha unalipia tena. Kwa mtu wa makaa ya kila siku hii ndiyo inayomfaa zaidi, kwa sababu haimlazimishi awe na pesa za mtungi mzima. Uliza tu bei kwa kilo, siyo bei kwa siku, uilinganishe na mtungi wa kawaida.

Kwa vifaa vya mkopo, piga hesabu hii kabla hujabonyeza kukubali. Tuseme sufuria ya presha ni 8,500 taslimu. Kwa mkopo unaweka 1,500 na kulipa 35 kwa siku kwa mwaka mmoja. Shilingi 35 mara 365 ni 12,775, ongeza 1,500, jumla 14,275. Umelipia sufuria na 5,775 juu. Inaweza kuwa sawa ikiwa makaa unayoacha ni ya 80 kwa siku. Si sawa ikiwa unapika maharagwe mara moja kwa wiki. Kuweka 60 kwa siku kwenye akaunti ya akiba kwa miezi mitano kunakupa 9,000 na sufuria bila deni.

Mita ya ploti nzima

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo linalowauma wengi na halizungumzwi. Ploti nyingi zina mita moja kwa vyumba nane. Kila chumba kinatumia yuniti 25, yaani kila mmoja angekuwa kundi la bei ya chini kabisa. Lakini mita inaona 200. Wote wanane wanalipa bei ya kundi la juu, bei iliyowekwa kwa nyumba zenye friji mbili na shawa tatu. Mwenye nyumba akiweka mita zake ndogo na kuuza yuniti mwenyewe, anaweza kuongeza chake juu ya hiyo.

Halafu hapo hapo tunashangaa kwa nini wapangaji wa ploti hizo hawataki kusikia habari ya kupikia stima. Kwa bei hiyo mkebe wa makaa unaonekana nafuu, na labda ni nafuu kweli. Kampuni ya umeme na kaunti zikitaka kupunguza moshi wa makaa Nairobi, zingeanza kwa kumpa kila mpangaji mita yake. Hakuna kampeni ya mapishi itakayoshinda hesabu ya mita moja kwa nyumba nane.

Kama unatafuta nyumba mwezi huu, uliza mambo matatu kabla ya kutuma deposit: mita ni yangu peke yangu? Maji moto yanatoka wapi? Waya zinaweza kubeba sufuria ya wati 1,000 na shawa kwa pamoja? Akikujibu kwamba mita ni yako, mwombe nambari yake, ununue tokeni za shilingi 100 mkiwa mmesimama pale pale, uziingize. Zikiingia na taa za jirani zisiwake kwa hiyo mita, ni yako. Kisha gawanya 100 kwa yuniti zilizokuja kwa meseji. Hiyo ndiyo bei utakayoanza nayo ukihamia.